Meno Yasiyokoma Kukua: Utunzaji wa Simbilisi, Sungura na Panya wa Kufugwa

Mnyama mdogo wa kufugwa aweza kufa kwa njaa hali chakula kimejaa mbele yake. Jambo hili huwashangaza wenye kufuga, nao hudhani kwamba mnyama ameshikwa na homa, au amekula sumu, au ameikataa tu ile karamu aliyowekewa. Kumbe mara nyingi sababu imo kinywani mwake. Meno yamerefuka kupita kiasi, na mnyama hawezi tena kuuma, wala kutafuna, wala kumeza. Ugonjwa huu huwapata simbilisi, sungura, na hata panya wanaofugwa vizimbani, na kwa sehemu kubwa waweza kuzuiwa na mtu yeyote mwenye mundu wa kukatia majani na desturi ya kumtazama mnyama wake kila siku. Lakini kwanza yafaa kuelewa meno hayo yameumbwaje.

WAGUGUNAJI NI WANYAMA GANI?

Panya, panya buku, nungu, fuko, ndezi, kindi na simbilisi wote ni wa jamii moja kubwa iitwayo wagugunaji, kwa sababu kazi yao ni kuguguna. Kila mmoja wao ana meno mawili ya mbele juu na mawili chini. Hana chonge. Mahali pa chonge pana mwanya mpana usio na jino lolote, na nyuma ya mwanya huo, ndani kabisa mashavuni, ndiko yaliko magego ya kusagia. Panya wa kawaida ana meno 16 kwa jumla, na simbilisi ana 20.

Sungura naye zamani alihesabiwa pamoja na jamii hiyo. Mwaka 1912 mtaalamu wa Marekani, J. W. Gidley, alieleza kwamba sungura na ndugu zake wastahili kuwekwa mbali, kama jamii yao wenyewe. Mtu akiinua mdomo wa juu wa sungura ataona kwamba nyuma ya yale meno mawili makubwa yapo mengine mawili madogo kama vijiti, ambayo panya hana. Hata hivyo, kwa habari ya kurefuka kwa meno shida za sungura ni zile zile za simbilisi, na utunzaji wake ni ule ule.

JINO LINAVYOJINOA LENYEWE

Jino la mwanadamu likiisha kuota hukoma kukua, na likivunjika limevunjika. Jino la mbele la mgugunaji halikomi. Hukua tangu mnyama azaliwapo mpaka afapo. Meno ya mbele ya sungura hukua kadiri ya milimita 2 hadi 3 kila juma. Ikiwa hayapungui, basi katika mwaka mmoja yangeweza kupita urefu wa kiganja cha mtu mzima, nayo yangepinda kama pembe za kondoo dume. Ni lazima basi yapunguzwe kadiri ileile yanavyoota, na kazi hiyo hufanywa na meno yenyewe.

Jino la mbele la panya limevikwa ganda gumu upande wa nje tu. Upande wa ndani ni mfupa wa jino, ulio laini zaidi. Meno ya juu na ya chini yanaposuguana, upande laini hulika upesi na upande mgumu hulika polepole, hivyo ncha hubaki kali na yenye mshazari, mfano wa patasi ya seremala. Panya akiwa ametulia mara nyingi husikika akisaga meno taratibu. Wengine hudhani ana hasira, lakini huenda ananoa vyombo vyake. Rangi ya manjano iliyoiva au ya chungwa katika meno ya mbele ya panya nayo isimtie mfugaji hofu, kwa kuwa hutokana na madini ya chuma yaliyomo katika lile ganda na huonyesha afya. Simbilisi na sungura, kinyume chake, wana meno meupe.

Nguvu za meno haya zaonekana wazi katika nchi zetu wenyewe. Katika sehemu kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia yuko fuko asiye na manyoya, ambaye huchimba njia zake ndefu chini ya ardhi kwa meno. Midomo yake hufunga nyuma ya meno ya mbele, ili udongo usiingie kinywani anapochimba, na meno mawili ya chini aweza kuyatanua na kuyakutanisha kama vidole. Nungu naye hukusanya mifupa ya wanyama waliokufa na kuiguguna usiku, akipata madini pamoja na kunoa meno. Mnyama wa namna hii akifungiwa ndani ya kizimba, haja yake ya kuguguna haikufungiwa nje.

MAGEGO: TOFAUTI KUBWA ISIYOONEKANA

Hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui. Kwa panya wa kawaida na panya wadogo, meno ya mbele tu ndiyo yanayokua daima, na magego yao hukoma kama ya watu. Lakini kwa simbilisi na sungura meno yote hukua daima, ya mbele na ya nyuma pia. Kwa hiyo mtu aweza kutazama meno ya mbele ya simbilisi wake, akayaona mazuri, akaenda zake na moyo mkunjufu, na huku ndani magego yameharibika.

Magego ya chini ya simbilisi yakirefuka huinama kuelekea ulimi, yakakutana juu yake kama daraja, na ulimi ukawa umefungwa chini. Mnyama huja mbio chakula kinapoletwa, hukishika, kisha hukiacha kianguke. Ana njaa, naye hawezi kumeza. Magego ya sungura huota ncha kali kama miiba: ya chini huuchoma ulimi, ya juu huyachoma mashavu. Maumivu hayo humfanya aache kula, na asipokula magego hayasagi, na yasiposaga huzidi kurefuka. Ndivyo ubaya unavyozaa ubaya.

NYASI NDIZO TUPA YA MENO

Ni kitu gani kinachoyapunguza magego? Si kijiti, wala si mfupa, wala si lile jiwe la madini linalouzwa madukani. Ni nyasi. Ndani ya nyasi mna chembe ngumu mno mfano wa mchanga, nazo hulikwangua jino kama tupa ikwanguavyo chuma. Tena nyasi ndefu humlazimisha mnyama kuzungusha taya lake kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa muda mrefu, na mwendo huo wa kando ndio unaosawazisha magego yote. Anapokula nafaka au chakula cha vidonge, taya hupanda na kushuka tu, chakula huvunjika upesi, tumbo hujaa, na meno hayakufanya kazi yake.

Kwa hiyo simbilisi na sungura sharti wawe na nyasi mbele yao mchana na usiku. Chakula chao kwa sehemu kubwa, kadiri ya nane katika kumi, kiwe nyasi mbichi au nyasi zilizokaushwa vizuri. Nyasi za Rhodes zinazokaushwa na wakulima wengi wa Kenya kwa ajili ya ng'ombe zafaa sana, mradi ziwe na harufu nzuri, bila vumbi wala ukungu. Nyasi mbichi zikatwe mahali pasiponyunyiziwa dawa ya wadudu, wala pasipopitwa na magari mengi, na zisirundikwe mpaka zikapata joto. Mnyama asiyezizoea azoeshwe polepole, tumbo lisije likavurugika.

Chakula cha vidonge kisizidi kiasi kidogo kwa siku. Mkate, ugali, biskuti na maganda ya viazi vilivyopikwa havifai. Wako wanaowapa vitu hivyo kwa upendo, wakiona jinsi vinavyoliwa kwa pupa. Lakini mtoto naye hula sukari kwa pupa, wala hakuna mzazi mwenye busara aifanyaye sukari kuwa chakula chake cha mchana.

Panya wa kufugwa ana tumbo la namna nyingine. Yeye hula nafaka, mboga na chakula kigumu cha vidonge, na meno yake ya mbele hupata kazi katika kuvunja vyakula hivyo na katika kuguguna.

SIMBILISI NA KISEYEYE

Simbilisi ana haja moja ya pekee ambayo yafaa ikumbukwe na kila mwenye kumfuga. Mwili wake, kama mwili wa mwanadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Sungura na panya hujitengenezea wenyewe. Simbilisi akikosa vitamini hiyo hupata kiseyeye, ugonjwa uleule uliowaua mabaharia wengi katika safari ndefu za zamani. Fizi hutoka damu, viungo huvimba na kuuma, na meno hulegea kwa sababu nyama na nyuzi zinazoyashika hudhoofika. Jino lililolegea huenda upande, halikutani na mwenzake, nalo hurefuka.

Simbilisi ndiye aliyeusaidia ulimwengu kuujua ugonjwa huo. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka na mkate tu, wakaona kiseyeye kimewashika kama kinavyowashika watu, na kwamba mboga mbichi hukiondoa.

Simbilisi mzima huhitaji kadiri ya miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kila siku kwa kila kilo ya uzito wake, na mwenye mimba huhitaji nyingi kuliko wengine. Kipande cha pilipili hoho cha gramu 30 hutosha kwa kawaida. Sukuma wiki pia ina vitamini hiyo kwa wingi, lakini ipewe kwa kiasi na kubadilishwa na mboga nyingine. Chakula cha vidonge cha sungura hakikutengenezwa kwa ajili ya simbilisi, kwa hiyo kisitegemewe. Hata kile kilichotengenezwa kwa ajili yake hupoteza nguvu ya vitamini kikikaa ghalani, na yafaa kitumike ndani ya siku 90 tangu kilipotengenezwa. Kutia vitamini katika maji ya kunywa hakufai sana, kwa sababu huharibika humo upesi, tena maji yakibadilika ladha mnyama huenda akakataa kunywa.

VIJITI VYA KUGUGUNA

Ingawa vijiti havipunguzi magego, vina faida yake. Huyapa kazi meno ya mbele, humwondolea mnyama uchovu wa kukaa bure, na huviokoa viti na milango. Matawi ya mforosadi, ya mpera na ya mtofaa yafaa, pamoja na magome yake, mradi yasiwe yamenyunyiziwa dawa. Yaoshwe na kukaushwa kabla ya kuwekwa kizimbani.

Miti mingine ni hatari. Majani na magome ya mparachichi yana sumu iwezayo kuwaua sungura na simbilisi. Mbarika una sumu kali, hasa katika mbegu zake. Mnyaa una utomvu unaochoma macho na kinywa. Lantana, inayomea ovyo kando ya barabara nyingi za Kenya, huharibu ini. Matawi mabichi ya mipichi na miplamu nayo yaachwe. Maranda ya mwerezi yenye harufu kali yasitandikwe chini ya wanyama hawa, maana harufu yenyewe hudhuru mapafu na ini. Mbao zilizopakwa rangi, au zilizotiwa dawa ya mchwa, zisitumike kabisa mahali ambapo meno yaweza kufika. Mti usiojulikana na usitumike.

KUZUIA UHARIBIFU NYUMBANI

Mnyama anayeguguna mguu wa meza hafanyi uasi. Anafanya kazi aliyoumbiwa, mahali tu ndipo pasipofaa. Kumpiga hakumfundishi neno, ila humfanya amwogope mwenye kumlisha, na panya au sungura mwenye hofu huuma. Yako mambo matatu yanayofaa zaidi.

La kwanza ni kuondoa hatari. Nyaya za stima zipitishwe ndani ya mabomba magumu au ziinuliwe juu, kwa sababu jino likifika kwenye shaba mnyama aweza kufa papo hapo, na nyumba ikashika moto. Mnyama asiachwe huru chumbani bila mtu wa kumwangalia.

La pili ni kumpa badala yake: nyasi tele, matawi, sanduku la karatasi ngumu lisilo na pini wala gundi nyingi, au mboga zilizofichwa ndani ya nyasi ili azitafute.

La tatu ni kupanua nafasi yake. Simbilisi au sungura anayeng'ata waya za kizimba usiku kucha kwa kawaida anasema kwamba kizimba ni kidogo, au kwamba yuko peke yake, au kwamba hana la kufanya. Tena kuvuta waya kwaweza kuvunja meno ya mbele au kuyapindisha. Jino lililovunjika kwa mnyama mwenye afya huota tena kwa majuma machache, lakini lile linalokabiliana nalo halina wa kusuguana naye, nalo hurefuka upesi. Kwa hiyo kinywa kitazamwe mara kwa mara mpaka meno yakutane tena.

DALILI ZA UGONJWA

Wanyama hawa huficha maumivu, kwa kuwa porini mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza. Ni juu ya mwenye kufuga kutafuta dalili, asingoje kuonyeshwa. Dalili zenyewe ni hizi:

Kidevu na kifua kulowa udenda.

Kuchagua chakula, akiacha nyasi na kula vitu laini tu.

Kuokota chakula na kukiangusha.

Vinyesi kuwa vidogo au vichache kuliko kawaida.

Jicho kutoka machozi, kwa sababu mizizi ya meno ya juu hukaribia njia ya machozi.

Uvimbe chini ya taya.

Kukonda.

Dalili ya kukonda hufichwa na manyoya. Mtu aweza kumshika simbilisi kila siku asitambue kwamba amepungua. Mizani ndogo ya jikoni husema kweli. Mnyama apimwe siku moja ya kila juma, na uzito wake uandikwe katika daftari. Simbilisi mzima akipungua gramu 50 au zaidi katika juma moja, atazamwe upesi. Sungura au simbilisi asiyekula kabisa kwa muda wa nusu siku asingojewe mpaka kesho, kwa kuwa matumbo yao yakisimama kufanya kazi kifo huja haraka.

KOLEO SI DAWA

Mtu aonapo meno ya mbele yamerefuka, mara nyingi hukimbilia koleo au mkasi wa kucha. Haifai. Jino likibanwa hupasuka kwa urefu mpaka ndani ya taya, na katika ufa ule huingia uchafu unaoleta jipu. Jipu la taya kwa sungura ni gumu sana kupona. Daktari wa mifugo hukata meno hayo kwa kijisagio kinachozunguka upesi, asiyapasue, na kwa magego humpa mnyama dawa ya usingizi kwanza, ili aweza kufika ndani bila kumuumiza. Tena hutazama kinywa chote, kwa maana meno ya mbele marefu mara nyingi ni ishara tu ya magego yaliyoharibika.

Wako wanyama waliozaliwa na meno yasiyokutana sawasawa, hasa sungura wadogo wa nyuso fupi. Hao huhitaji kukatwa meno kila baada ya majuma machache maisha yao yote, au daktari huyang'oa yale ya mbele kabisa. Sungura aliyeng'olewa meno ya mbele huishi vizuri, akikatiwa mboga na nyasi vipande vifupi, kwa sababu magego ndiyo yanayosaga. Lakini mnyama wa namna hiyo asizalishwe hata kama ni mzuri wa sura, kwa kuwa huwarithisha watoto wake kasoro ile ile. Anayemnunua sungura kwa mbegu na ainue mdomo wake kwanza, kabla ya kutoa fedha.

FAIDA YA UANGALIFU

Huenda mtu akauliza kama wanyama wadogo hivi wastahili taabu yote hii. Katika Kivu, nchini Kongo, na katika nyanda za juu za Tanzania, simbilisi ni kitoweo na akiba ya watu wasio na malisho ya ng'ombe. Huko Morogoro, shirika la APOPO hufuga panya buku na kuwafundisha kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao aitwaye Magawa alifanya kazi hiyo Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Na katika nyumba nyingi sungura mmoja ndiye mnyama wa kwanza ambaye mtoto hukabidhiwa kumtunza, na kwa huyo hujifunza maana ya kuwajibika kwa kiumbe kisichoweza kusema.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila siku nyasi mpya na maji safi, na kwa simbilisi kipande cha mboga yenye vitamini C. Kila siku macho, kidevu na vinyesi vitazamwe. Kila juma mnyama apandishwe mizani, na mdomo uinuliwe kuona kama meno ya mbele yamenyooka na kukutana. Kazi yote hiyo haichukui muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha chai, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kumzika mnyama aliyekufa njaa mbele ya sahani iliyojaa.